Sita Isiyo na Mstari

Mume wangu uliyenuna ukahamia kwa dada yako,

Huku wazima, na lile bati linalovuja nimeliziba mwenyewe. Jana watoto walishindanisha magari ya mbao, nami nikapewa kazi ya kuyapaka namba kwenye mapaa yake. Kwenye sita nikasahau kupiga mstari chini. Kitindamimba wako, mwenye hiyo sita, kashinda, lakini mwamuzi alikaa upande wa pili, akatangaza tisa! Mama wa mwenye tisa akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Binti yako huyo akalipindua gari lake. "Langu nimeliandika tumboni!"

Mwamuzi akasoma kwenye kipaza sauti: "Gari la kumfuata baba."

Uwanja mzima ukanigeukia.

Mimi nimeshanuna vya kutosha. Njoo mwenyewe, maana gari lenyewe halina breki.

Mkeo, fundi namba