Muvi Aliyoniwekea Masudi

Nelly, leo usije. Usije kabisa!

Masudi wa kibanda cha muvi kaniua. Nilimwambia aniwekee kwenye flashi ile ya wasichana wawili wanaopendana, ya Kiingereza, ISIYOTAFSIRIWA, ili Mama asielewe kitu.

Mjinga kaweka ya DJ, iliyotafsiriwa Kiswahili!!

Mama yuko hapo hapo sebuleni anachambua mchicha. Mara DJ anapayuka: "Binti anamwambia mwenzake, nakupenda wewe, wavulana siwataki!" Rimoti siioni. Jirani yetu Mama Edson akachungulia dirishani: "Heee! Mnaangalia nini humo?"

Mama akachomoa waya ukutani. Akasema, "Nelly asikanyage hapa tena."

Nelly?! Mimi sijakutaja. Hata DJ hajakutaja!

Nikamuuliza, "Sasa Nelly kaingiaje hapa?"

"Nawajua ninyi tangu mwaka jana. Mnadhani mimi kipofu?"

Tangu MWAKA JANA, Nelly. Mwaka mzima anajua, na anakupakulia ugali, anakuita mwanangu. Leo umekuwa mchafu kwa sababu tu Mama Edson kasikia.