Nyota Iliyozima

Jumatatu, 2 Machi 1953

Darasa la sita, jiografia. Joto la Temeke halisemeki. Mwalimu mkuu kaniazima jarida la Kiingereza. Lina makala kuhusu nyota kubwa inayomaliza moto wake na kujiangukia yenyewe, hata mwanga wake ukashindwa kutoka. Ni hesabu za wataalamu tu, hakuna aliyeiona. Chai imepoa nikisoma. Saa nzima sikumuwaza Salum, mara ya kwanza tangu tumzike mwanangu. Nimejichukia.

Jumanne, 3 Machi

Nimewafundisha. Nyota iliyozima haionekani, lakini jirani yake huonekana akizunguka mahali pasipo na kitu. Akisogea karibu mno, humezwa. Hakuna aliyekohoa. Nimefurahi, kusema kweli.

Alhamisi, 5 Machi

Balaa. Watoto wamelifikisha somo majumbani. Huku pwani nyota ni bahati ya mtu, anazaliwa nayo. Mie wa kutoka Tabora, mwaka wa nane hapa, wala halikunijia akilini. Jirani yetu Bi Hadija kamwambia mke wangu Mwajuma kuwa nimetangaza shuleni nyota ya Salum imezima na itammeza mdogo wake, Rehema. Nimerudi, Mwajuma hayupo. Kamchukua Rehema, kaenda kwa mama yake Kunduchi. Kaniachia wali, kaufunika kwa kawa.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda kumweleza Bi Hadija. Kanisikiliza kwa adabu, kisha kanipa pole. Wanaume barazani wamegeuza nyuso nilipopita. Nina hasira na mtaa mzima.

Jumamosi, 7 Machi

Nyumba haikaliki. Nimefagia mara mbili. Nimesoma makala upya, na ukurasa wa mwisho niliouruka. Jirani aliye mbali hamezwi. Huendelea kuzunguka tu. Kesho nitamfasiria Mwajuma. Asiporudi na mtoto sijui nitaishije.

Jumapili, 8 Machi

Nimepanda lori linalofuata samaki Kunduchi. Nimemwamkia mama mkwe shikamoo, nikafungua jarida, nikaanza kufasiri. Mwajuma kanikatiza.

"Mie nyota siiogopi, Baba Salum. Nakuogopa wewe. Miezi minne huyu mtoto anazungukazunguka miguuni pako, na wewe humwoni."

Hakupaza sauti. Ndilo lililoniuma. Nilikuwa na majibu ya nyota tu. Kasema kwa sasa harudi. Nimelia mbele ya mama mkwe, aibu ya mwaka.

Jumatatu, 9 Machi

Nimelala huku Kunduchi, sikwenda shule. Asubuhi Rehema kaja na chungwa, kanikalia pajani nimmenyee. Analitafuna kwa meno ya pembeni. Nimemwambia afungue kinywa. Meno mawili ya mbele hayapo. Nimemuuliza yametoka lini.

Kasema, zamani.