Kuhusu Ile Klachi

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha matofali,
S.L.P. 218.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini kama binadamu wengine, si umelala chali chini ya lori kama kawaida yako. Hujambo lakini? Mgongo je, umetulia, au bado unakubana ukiamka asubuhi? Na mke wako, mdogo wangu, kikohozi kimeisha? Mara ya mwisho nilimsikia kwenye simu akikohoa kila baada ya neno, nikashindwa hata kumtania. Watoto nawabusu wote mmoja mmoja, pamoja na yule mkubwa anayejiona ameshapita umri wa kubusiwa.

Sisi huku hatujambo, na safari hii nasema hatujambo kwa moyo wote. Miezi michache iliyopita nilikuwa nalisema neno hilo kwa sababu ndivyo watu wanavyoitikia.

Utashangaa nimeshika kalamu na simu ipo. Kuna jambo linalomhusu kaka yako, nami siwezi kulisema kwenye simu akiwa amekaa pembeni yangu anajifanya anasoma gazeti. Nesi mwenzake binti yetu anasafiri kuja huko Jumanne, ndiye atakayekuletea. Tafadhali isome kabla ya Jumapili ijayo, na sababu nitakwambia.

Kwanza kabisa, usitume klachi. Najua ulishahangaika mpaka ukaipata, na najua ulishamtafuta mtu wa kuibeba. Ishike kwanza. Klachi ya ile pikapu tuliyoijaribu ni nzima, haina ubovu wowote.

Nianzie mbali kidogo. Unajua kwamba tangu gogo lile limwangukie kaka yako gotini, mashine ya kupasulia mbao imekaa uani imefunikwa turubai miezi minane. Pikapu yetu ya zamani nayo ikachagua wakati huohuo kufa injini, kana kwamba walikubaliana. Daktari alisema mkono na mgongo viko sawa, anaweza kupasua mbao. Lakini mashine ile ina uzito wa karibu tani mbili juu ya tela lake, na wateja wetu magogo yao yako mashambani. Bila gari la kuivuta hakuna kazi. Kwa hiyo tulipokuwa tukibishana gari jipya au lililotumika, swali lenyewe hasa lilikuwa kama kaka yako atarudi kazini au atabaki mtu wa kukaa barazani akihesabu wapita njia. Na Shemeji, barazani alikuwa anaisha. Mtu yule mwenye sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya bonde alikuwa ananiomba chumvi kwa kunong'ona.

Wewe ulisema tuchukue lililotumika, lenye chuma cha kweli na injini ya dizeli isiyo na nyaya mia. Binti yetu alisema jipya, lenye dhamana, ili baba yake asije akalala porini na gari bovu. Wote wawili mlikuwa na maneno mazuri, na wote wawili mlikuwa mbali.

Tukaenda kwanza kwenye duka la magari mapya. Pikapu imesimama juu ya vigae vinavyong'aa hadi nikaogopa kukanyaga na viatu vyangu. Muuzaji alikuwa mpole, ana tai na karatasi. Kaka yako akamuuliza, tela la tani mbili likiwa nyuma kwenye mteremko, gari linafanyaje? Muuzaji akaangalia karatasi yake, akasema linavuta tani tatu na nusu. "Kuvuta nimeelewa," kaka yako akamwambia. "Mimi nauliza kusukumwa." Karatasi ilikuwa haina habari ya kusukumwa. Tukaomba tulifunge tela letu nyuma yake tulijaribu, tukaambiwa gari la maonyesho halina hata kulabu.

Lilikuwa la gia za kujibadilisha zenyewe, pedali mbili tu chini. Kaka yako alikaa kwenye usukani muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mguu wa kushoto ameupumzisha kwenye zulia. Nilidhani anafurahia kiti. Tulipotoka akasema gari lisilo na klachi ni la kupelekea watoto shule, nami nikacheka naye. Leo najiona mjinga kwa kicheko kile.

Bei yake ilikuwa ya kututia kwenye mkopo wa miaka mitano, na kaka yako ana miaka hamsini na minane. Tukaliacha.

Dalali mmoja alituletea pikapu iliyotumika yenye gia za namna hiyohiyo. Kaka yako alichomoa kijiti cha mafuta ya gia, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Yalinuka kama nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Alisema imevutishwa mizigo mpaka gia zimeungua, na dalali akaanza kutuonyesha redio.

Ndipo tukampata Mama Kuku. Ni mama mmoja mfugaji, mfupi, mwembamba, anaendesha akiwa amekalia mto ili aone mbele. Pikapu yake ya dizeli ina miaka tisa, na amekuwa akivutia tela la vyakula vya kuku. Sasa anapunguza mifugo, ndiyo maana anaiuza. Tulifika asubuhi, na kitu cha kwanza kaka yako alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti kuona kama injini imepashwa moto kutufichia ugumu wa kuwaka. Ilikuwa ya baridi. Ikawaka mara moja.

Tulimtandikia gunia akaingia chini kukagua chasisi. Kumshusha kulikuwa kazi, kumwinua kulikuwa kazi mara mbili, lakini hapo katikati, kwa nusu saa nzima, nilimsikia akipiga mluzi. Sikuwa nimeusikia mluzi ule tangu ajali. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu, machozi yananilengalenga, na Mama Kuku akajifanya anaita kuku.

Alitoka chini na matope usoni akasema mahali kulabu inaposhikana na chasisi hapajawahi kuchomelewa, springi zimekaa sawa, mafuta ya difu hayana vumbi la chuma. Kwa lugha yake, hiyo ni sifa kubwa. Mama Kuku mwenyewe akatuambia tuifunge mashine yetu nyuma, tukaijaribu na mzigo wenyewe.

Tulikwenda nayo kwenye ule mlima wa machimbo ya kokoto. Kaka yako kwenye usukani, mimi pembeni yake, Mama Kuku nyuma na mkoba mapajani. Ulikuwa umemsisitizia asimame katikati ya mlima kisha aondoke na mzigo, na ulikuwa ushauri mzuri, usijilaumu hata kidogo. Akasimama. Alipotaka kuondoka nikaona mguu wake wa kushoto unatetemeka juu ya klachi, paja lote linatetemeka, na jasho limemtoka. Klachi ikamponyoka, injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma na tela likaanza kujikunja upande wa korongo. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tulirudi kama mita mbili tu, lakini mita zile sitazisahau.

Kaka yako akasema klachi inateleza. Akashuka, akaanza kuzunguka gari akikagua tairi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mama Kuku alihamia mbele, akapanga mto wake, akaiondoa pikapu pale mlimani na tani zote mbili kama mtu anayesogeza kigoda. Alimngojea kaka yako juu, naye akaupanda mlima kwa miguu, polepole, akichechemea. Mama Kuku alimtazama usoni, akautazama mguu, kisha akasema ataipeleka kwa fundi. Hakumbishia hata kidogo. Yule mama alijua, Shemeji, na mimi nilijua kwamba anajua.

Jioni ileile ndipo alipokupigia kukwambia habari ya klachi, nawe kwa moyo wako mwema ukaanza kutafuta nyingine.

Siku nne baadaye Mama Kuku akaja hapa nyumbani. Fundi wake alikuwa ameshusha gia boksi nzima na hakuona tatizo. Lakini Mama Kuku alisema kwa vile mtu mzoefu kama kaka yako ndiye aliyesema inateleza, basi atatupunguzia bei ya klachi mpya, hataki watu wanunue kitu kwake na kinyongo. Alisema hivyo bila hila, akiwa ameshika kikombe cha chai.

Kaka yako akasema, "Usipunguze hata senti. Klachi ni nzima. Mguu wangu ndio hauwezi."

Akainuka akaenda uani. Nilimwona dirishani amesimama karibu na mashine, mkono juu ya turubai.

Baadaye aliniambia yote. Daktari alimweleza tangu mwezi wa tatu baada ya ajali kwamba goti litakunjika hadi hapo lilipofika na si zaidi, na nguvu ya kukanyaga kitu kizito haitarudi. Alilificha jambo hilo miezi mitano. Alihofu likishajulikana, tutaiuza mashine kwa nia njema kabisa, tumnunulie kiti kizuri. Alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kulisema. Nililisema mezani, kirahisi tu, kwamba labda tuiuze. Nalikiri hili kwako kwa sababu linaniuma.

Nikamwambia nitaendesha mimi. Si nimeendesha gari la mikate miaka tisa? Alinijibu kwamba mikate haisukumi mtu kutoka nyuma.

Siku ya tatu, Jumamosi mchana, Mama Kuku akatuazima pikapu, na kaka yako akanipeleka kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali, ambako siku hiyo hakuna kazi. Akapanga mapipa mawili, akaniambia nilirudishe tela kinyumenyume katikati yake. Shemeji, nilidhani najua gari. Ukikata usukani kulia tela linakwenda kushoto, ukishtuka ukasahihisha limeshajikunja, na kaka yako amesimama nyuma anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Alinifokea! Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kunifokea vile. Nami nikamfokea, nikamwambia aje aendeshe yeye, kisha nikajiuma ulimi. Lakini yeye akacheka. Alicheka mpaka akaegemea pipa, na mlinzi wa kiwanda akatoka kibandani kuangalia kuna nini. Pipa moja nililiangusha mara tano. Mara ya sita nikapita.

Tukainunua pikapu, kwa bei yake yote. Ile klachi yako nimeifikiria tena: akitokea mtu wa kuja huku mwezi ujao mpe tu, kwa maana kwa ninavyoondoka mlimani sasa hivi, haitachukua muda kuihitaji.

Alhamisi tulikwenda kwenye kazi ya kwanza, magogo kumi na moja kwa mkulima mmoja. Nilikwenda polepole sana, malori yakitupigia honi, na kaka yako akinihesabia kona. Mashine ilipowaka akawa mtu mwingine, au niseme akawa mtu wetu. Anasimama upande mmoja sasa, uzito wote kwenye mguu wa kulia, na kila saa nampelekea kigoda akae hata kama hataki. Mbao ya kwanza ilipotoka aliipitishia kiganja urefu wote, akaniita niiguse. Nywele zake zilijaa unga wa mbao, na sikutaka aupanguse.

Bado kuna jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Sisi tuliokuwepo tunajua, lakini wewe hajakwambia. Yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha, kwenye pikapu ya baba yenu, ukiwa hata miguu haifiki, na nadhani kwa sababu hiyo kukwambia wewe ni kugumu kuliko kumwambia mtu mwingine yeyote. Anataka kukupigia Jumapili ijayo. Nakuomba asipoanza yeye, usimuulize habari ya klachi. Akianza, usimkatize, wala usimpe pole nyingi zikamlemea. Akinyamaza katikati, mngoje.

Jana nilikuwa naanika nguo, naye yuko ndani ya banda la vifaa ananoa misumeno. Nikamsikia anaongea, nikadhani kuna mgeni. Alikuwa peke yake. Alikuwa anasema, "Mdogo wangu, mimi siendeshi tena." Akanyamaza, akarudia. Mara ya pili sauti ilikatika. Mara ya tatu aliifikisha mwisho.

Binti yetu anakusalimu baba yake mdogo, na anasema hajakusamehe kwa kumshinda kwenye ubishi wa magari. Mama Kuku anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie sana mke wako na wote walioko hapo nyumbani. Mungu auweke mgongo wako, akulinde chini ya malori hayo, na atupe siku ya kukaa sote meza moja.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukutania siku zote,

Mke wa kaka yako.