Mistari Iliyotoka Shimoni

Kagondo, Bukoba
9 Julai 1938

Kaka Mutalemwa,

Natangaza rasmi, mpaka huko Kampala, kwamba choo chetu kipya kimeahirishwa. Nilipochimba hadi kiunoni nilikuta mavi ya chuma, masalia ya tanuri la zamani la kuyeyushia chuma, mabonge mazito yenye mistari. Mzungu mmoja msomi akaja kuyapima, akasema mistari ile ni maandishi ya Wamisri wa kale.

Baba, aliyeyeyusha chuma ujanani na sasa haoni kabisa, akapapasa bonge moja akacheka. "Bwana, hizi ni alama za matete. Tuliyachoma tukayajaza ndani ya tanuri, uchafu wa chuma ukamwagikia juu yake ukaganda. Nitakuonyesha."

"Kwa umri huu, mzee?"

"Wewe andika Misri. Mimi nawasha moto."

Tulijenga tanuri la udongo, na ukoo mzima tulivukuta moto kwa zamu, hata shangazi Kokubanza. Tulipofukua, mabonge yalitoka na mistari ileile. Mzungu akafuta Misri kwenye daftari lake mbele ya watu wote! Shangazi alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Baba anakuagiza uje uchukue chuma chake, ukafulie jembe. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chuma hakikutoka.

Mdogo wako,
Buberwa