Ruhusa Uliyoiomba, Makoye

Mwaka mmoja umetimia, ndugu yetu mpendwa Felician Makoye Jilala, tangu tarehe 9 Agosti 1986, malaria ilipokuchukua kwa siku tatu tu. Ninayeandika kwa niaba ya ukoo ni mimi dada yako mkubwa, Eufrasia, na yapo ya kwangu ambayo lazima niyaseme hapa, watu wakisikia.

Tinde nzima ilikujua kama bwana mifugo. Kabla jua halijachomoza ulikuwa umeshafika joshoni na buti zako zilizopasuka kisigino, unachanganya dawa, unawatania wachungaji. Majina ya ng'ombe uliyajua kuliko majina ya wenyewe. Dume likigoma kuingia kwenye maji, hukuwa mtu wa fimbo. Ulilisogelea ukaliimbia taratibu, nalo likaingia. Ukituona sisi ndugu zako tunakuja, ulinyamaza ukaanza habari za kupe.

Tulijua kwa nini ulinyamaza.

Mwaka 1961 ulikuwa manju wa Bagalu, kundi letu la ngoma, kijana wa miaka ishirini na mitatu, unatunga nyimbo na kuongoza ngoma. Siku mliposhindana na Bagika, kundi la wapinzani wenu, baada ya mavuno, manju wao alikatika sauti katikati ya wimbo, na watu wakasema amefungwa koo kwa dawa. Mama aliamini Bagika watalipiza, na koo litakalofuata ni lako. Wiki hiyohiyo barua ya chuo cha mifugo ikafika. Mimi ndiye niliyekuambia uchague, kazi ya serikali au ngoma. Ulijibu kwamba vyote viwili unaviweza, kazi siku za kazi, ngoma wakati wa mavuno. Hatukutaka kusikia. Tulikuapisha mbele ya Mama kwamba hutasimama tena mbele ya ngoma mpaka sisi wenyewe tukuruhusu.

Ulishika neno lako miaka ishirini na mitano. Kazi ile ilitulea sote, wanangu wakiwamo, na hilo tunakushukuru. Lakini tuliogopa watu wasije wakakufunga koo, tukakufunga sisi.

Mama alipofariki, ruhusa ilibaki mkononi mwangu. Julai 1985 ulipanda basi hadi kwangu Ushirombo, mtu mzima mwenye wajukuu, ukakaa kwenye kigoda kama ulivyokaa siku ile ya barua.

"Shikamoo, dada. Bagalu wamenifuata. Naomba mavuno haya niimbe, mara moja tu."

Hofu ya dawa ilikuwa imeshanitoka zamani. Niliona aibu tu, bwana mifugo mzima kutoka jasho uwanjani mbele ya watu anaowaamuru joshoni. Nikakuambia usubiri ustaafu.

"Haya, dada," ulisema, kisha ukaniuliza kama mbuzi wangu bado wanakohoa. Ulikwenda kuwatazama kabla hujanywa chai.

Mavuno yaliyofuata hukuniuliza tena, na mwezi mmoja baadaye tulikuzika. Najuta, Makoye. Lilikuwa neno moja tu, nami nikakunyima.

Jumapili hii, baada ya misa ya kukuombea, Bagalu watakuja nyumbani Tinde. Nimewaita mimi. Walitaka kuimba wimbo wako wa mwaka ule, tukautafuta kwa kila mtu. Mkeo Mbuke ameniambia hakuwahi kuusikia hata siku moja, na aliishi nawe miaka ishirini na miwili. Mchungaji mmoja mzee wa pale joshoni ndiye aliyekumbuka mistari miwili, kwa kuwa uliwaimbia ng'ombe wake. Mingine umekwenda nayo. Tutaimba hiyo miwili, nami nitaitikia.

Unakumbukwa na mkeo Mbuke, wanao Telesphori na Serafina, wajukuu zako, wachungaji wote wa josho la Tinde, na mimi dada yako Eufrasia, ninayekuomba msamaha.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, manju wetu.