Vipande vya Hatua Kumi na Moja

Jumamosi, 27 Desemba

Saa saba mchana nimetoka tena nyumbani kwangu ili mama mkwe ale. Siku ya nne sasa. Nazunguka mtaa wetu wa Pasiansi kama karani wa sensa, nasalimia watu niliokwisha kuwasalimia asubuhi. Nimekaa juu ya jiwe nyuma ya kanisa, nimetazama ziwa, nimerudi. Ugali umeguswa pembeni tu. Samaki hakuguswa kabisa.

Mama yake Rhoda alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wiki iliyopita, jicho la kulia. Lilikuwa limechelewa, linaona vivuli tu. Tegemeo ni la kushoto, na hilo ni tarehe 6. Hapo katikati anakaa kwetu, maana kwenda Sengerema na kurudi na jicho bichi ni kujitafutia balaa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kulala hapa. Katika ukoo wao mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume, na mkwe hali mbele yake. Hata kutazamana usoni ni mwiko. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Atajificha wapi?

Bekari ninapooka mikate imefungwa mpaka Januari. Rhoda anashinda zahanati kazini. Watoto wako Musoma kwa mama yangu. Kwa hiyo mchana tupo mimi, mkwe na paka.

Ndoo ya pipi bado imejaa nusu. Kila Krismasi nanunua pipi za watoto wa mtaa. Mwaka huu mvua ilianza alfajiri haikukatika, wakaja watoto sita wamelowa chapachapa. Niliwajazia mifuko ya kaptula na bado zimebaki. Tofi, chokoleti, mnanaa, jojo. Nani atazila?

Jumapili, 28 Desemba

Kanisani na Rhoda. Mama amesali sebuleni.

Anazungumza na mimi kupitia paka. Kwao hupitia kwa mtoto, lakini watoto hawapo. "Paka, mwambie baba chai ipo kwenye chupa." Paka anajilamba mkia. Nami najibu, "Paka, mwambie mama nashukuru." Mtu akipita dirishani atasema tumerogwa wote wawili.

Nampenda huyu mama. Nimeandika na sifuti. Rhoda alipougua mimba ya kwanza, alivuka ziwa na kuku wawili na kibuyu cha maziwa, akalala kwa jirani wiki tatu kwa sababu ya mwiko huu, akawa anampitishia mwanaye uji dirishani. Leo ni zamu yangu na sijui pa kuanzia.

Jumatatu, 29 Desemba

Kliniki. Presha imeshuka. Uzito umepungua. Daktari akauliza, "Mama anakula kweli?" Rhoda akanitazama kana kwamba nimefunga sufuria kwa kufuli.

Asipopata nguvu kufikia tarehe 6, hawamfanyii. Na wale madaktari bingwa waliokuja kwa muda wakishaondoka, hakuna anayejua watarudi lini. Maana yake jicho la kushoto linajifia hivihivi, na mama anabaki na vivuli.

Nimewaka. Nikamwambia Rhoda basi nanunua mbuzi leo leo. Kwao kuna mbuzi wa kufungua mdomo: mkwe akishampeleka, mama mkwe anaweza kula mbele yake. Mimi Mjita, kwetu mambo hayo yamelegea, hakuna aliyenikumbusha wakati wa kuoa. Rhoda akacheka kwa hasira. Mbuzi hanunuliwi kama nyanya. Anapelekwa Sengerema na wazee wa upande wangu, kwa siku iliyopangwa, wakapokewe na wazee wao. Baba yangu hayupo. Baba wadogo wametawanyika visiwani. Wiki moja haitoshi hata kuwapigia simu wote.

Nimekaa jikoni nikatazama ile ndoo.

Jumanne, 30 Desemba

Nimeoka brauni. Mimi, mtu wa mkate. Miaka ishirini nimefundishwa kuwa kisichoumuka ni hasara, halafu naoka keki ambayo inatakiwa isiumuke. Lakini Rhoda aliwahi kuletewa na mwenzake kazini, akala akafumba macho. Nikasema kama mtoto kafumba, mama naye huenda.

Nimemenya pipi mchana kutwa. Chokoleti nimeyeyusha na siagi. Mnanaa nimeutwanga kwenye kinu. Tofi nimezipanga katikati ya mchanganyiko, zikikaa pembeni zinaungua. Jojo nimerudisha kwenye ndoo, sijafikia huko. Mayai manne, kakao, unga kidogo, sukari kiduchu maana pipi zenyewe ni sukari. Oveni ya bati, mkaa juu na chini.

Imetoka nyeusi, nzito, inanukia mpaka kwa jirani. Nimekata vipande vinne vikubwa, heshima ya mkwe. Nimefunika na sahani.

"Paka, mwambie mama kuna kitu mezani."

"Paka, mwambie baba nimeshiba."

Ameshiba nini? Hewa?

Jumatano, 31 Desemba

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimejificha chooni, ni kweli.

Saa nane nikasema, "Paka, mwambie mama natoka mpaka jioni." Nikafunga geti. Sijafika hata kwenye kona, matone yakaanza. Nikarudi kuchukua kofia. Malapa kwenye udongo laini hayana kelele. Kutoka getini hadi mlangoni ni hatua kumi na moja. Nikafungua.

Mama amekaa kwenye kiti, kipande kizima amekishika kwa mikono miwili, mashavu yamejaa. Anatafuna kwa raha, mabega yametulia. Nilipaswa kurudi kinyumenyume bila neno. Badala yake mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo haiachwi bila kujibiwa. Na tofi ilikuwa imemnasa meno. Akajaribu. Ikatoka "Mmmm." Akajaribu tena. Nami nimesimama pale, mpumbavu mimi, nasubiri marahaba! Akajifunika khanga kichwa kizima. Mabega yakawa yanatetemeka. Nikatoka bila kofia.

Niliporudi, begi lake lilikuwa mlangoni limefungwa kamba.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Sina la kusherehekea.

Rhoda kanisema tangu asubuhi. Kwamba ningekohoa. Kwamba kofia haiyeyuki, wala mimi. Ana haki. Mama anasema hawezi kukaa tena katika nyumba ambamo mkwe kamwona na chakula mdomoni. Upasuaji basi, Mungu anajua. Anaondoka Jumamosi, kwa vile leo na kesho kivuko kimejaa watu wa sikukuu.

Rhoda amelia. Mimi pia, kidogo, nikasingizia moshi wa mkaa.

Jambo moja. Sahani ina vipande vitatu. Kile alichokuwa nacho mkononi hakikurudishwa. Na jana kabla ya kulala alimnong'oneza Rhoda, "Hivi kile kitamu kinaitwaje?"

Kumbe njaa anayo. Chakula anakitaka. Anachokosa ni muda wa kumeza.

Ijumaa, 2 Januari

Nimeamka na akili. Nimeoka tena.

Safari hii bila tofi hata moja. Chokoleti na mnanaa tu. Nimeoka nyembamba, nikaacha ipoe kabisa, nikakata kwa kisu cha moto vipande vidogo, kimoja kinaingia mdomoni chote bila kung'ata. Hakina makombo. Hakinasi. Nimejipima mwenyewe uani: nimetia kimoja mdomoni nikatembea. Hatua saba, mdomo mtupu. Zinabaki nne za kujifuta na kukaa vizuri. Jirani kaniona nikienda na kurudi mara sita natafuna.

Vimetoka arobaini na nane. Nimevitia kwenye kopo lenye mfuniko, nikaliweka karibu na kiti chake. Nikasimama nje ya pazia.

"Paka, mwambie mama samahani ya juzi. Mwambie kuanzia leo mwenye nyumba akirudi atakohoa getini, atagonga komeo, ndipo ahesabu hatua kumi na moja. Kipande kimoja kinaisha kwa saba. Nimepima."

Ndani nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa miaka kumi na tisa: mama mkwe wangu anacheka, kicheko cha kukwama kifuani.

"Paka, mwambie baba ana wazimu."

Jumamosi, 3 Januari

Begi limekaa mlangoni hadi saa nne. Saa tano limehamia chini ya kitanda. Kamwambia Rhoda mguu unamuuma. Mguu!

Kopo: vimebaki thelathini na moja.

Rhoda naye kaiga. Samaki kamtoa miba, kamkata vipande vya ukubwa uleule. Matonge ya ugali madogo kama limau, kwenye bakuli lenye mfuniko. Nimetoka saa nzima. Nimekohoa, nimegonga, nimehesabu. Bakuli tupu. Nimeliangalia lile bakuli kama mtu aliyeokota pete.

Jumapili, 4 Januari

Koo linauma kwa kukohoa. Mzee wa kanisa amenishauri nikapime kifua.

Kopo: kumi na tisa. Mayai mawili asubuhi, yamekwisha. Maziwa yamekwisha. Ameomba chumvi kupitia kwa paka. Mtu anayeomba chumvi haondoki.

Naogopa Jumanne lakini.

Jumatatu, 5 Januari

Leo nilisahau kukohoa. Nikakumbuka nikiwa hatua ya tano. Nikarudi getini, nikaanza upya. Ndani nikasikia, "Paka, mwambie baba asante."

Jumanne, 6 Januari

Presha imepanda inapotakiwa. Uzito umerudi, si wote, lakini daktari kasema unatosha. Wamemwingiza saa tatu.

Mimi nimebaki kwenye benchi la nje. Nimeikanda kofia yangu kama donge la unga. Rhoda katoka saa tano, kanishika sikio kama mtoto na kulivuta. Nikajua imekwenda vizuri.

Ijumaa, 9 Januari

Bandeji ilitolewa juzi. Jana daktari amemkagua, amemruhusu kwenda nyumbani. Jicho la kushoto linaona. Jana jioni alikuwa anamwambia Rhoda rangi za vitu, khanga ya jirani, kuku kwenye ukuta, ziwa lile pale chini baina ya mapaa. Nilisikia nikiwa chumbani.

Asubuhi ya leo chai imewekwa mezani. Nikachukua kofia nitoke, anywe kabla ya safari. Paka alikuwa nje.

"Kaa, baba," mama akasema.

Nikakaa. Nilitazama sakafu, ndivyo nilivyozoea. Akafungua kopo. Vilikuwa vimebaki viwili. Kimoja akakiweka mbele yangu. Kingine akakishika kwenye mwanga, akakigeuza, akakitazama kwa lile jicho jipya.

"Kumbe ni cheusi hivi."

Halafu akanitazama mimi. Usoni. "Na wewe una mvi. Nilijua ungali kijana."

Angeweza kukitia chote mdomoni, nilikikata kwa ajili hiyo. Hakufanya hivyo. Aling'ata nusu. Akatafuna mbele yangu, polepole, kwa yale meno yake machache, hakujifunika. Rhoda alisimama mlangoni na begi, hakuthubutu kuingia.

Akameza. Akasema, "Wazee wenu wasihangaike kutafuta siku. Mwambie na mama yako Musoma. Mbuzi wako nimeshamla."

Nikala changu. Sikumbuki ladha yake.

Wameondoka saa nne, Rhoda anamsindikiza mpaka ng'ambo, atarudi kesho. Nimeosha kopo. Kwenye ndoo zimebaki jojo tu. Keshokutwa bekari inafunguliwa.

Jioni nilikwenda dukani kununua mkate, mimi, wa bekari nyingine. Niliporudi nikakohoa getini, nikagonga komeo, nikahesabu hatua. Nyumba haina mtu. Paka kalala kwenye kiti cha mama.