Bukuru Mwenye Mama Sita

Jumanne, Carama

Na hongera kwangu! Programu niliyoitengeneza ya kuchora nasaba imewaunganisha akina Bukuru wote wa grupu letu la mtandaoni kuwa mtu mmoja, mwenye mama sita. Huku kwetu kila pacha wa kwanza anaitwa Bukuru. Nani asiyejua? Programu yangu.

Sasa familia sita zinaitana ndugu, mpaka zinatembeleana. Nikamwambia mama kwamba kesho nasahihisha kosa.

"Apana! Huyu Bukuru wa Ruziba aliniletea samaki wakati nilikuwa mugonjwa. Ukimutoa yeye, mutoe na mujomba wako. Anakaa hapo karibu, Kinama tu, na hakuja hata kuniona."

Nimerudi kwenye kompyuta. Kitufe cha kumtoa mjomba nimekitafuta kweli. Sikukiweka.